Kata moja ya maji haitoshi: hesabu ya pH inayolinda macho na ngozi

Katika vijiji vyetu vya Mkoa wa Pwani vikundi vingi hujifunza kutengeneza sabuni. Wengine hutengeneza sabuni ya mche, wengine sabuni ya maji. Ni kazi nzuri, kwa kuwa huleta fedha ya daftari za watoto na ya dawa. Lakini ndani ya kazi hiyo kuna kitu kimoja cha hatari. Kitu hicho ni kostiki soda.

Soda hiyo ikimrukia mtu jichoni, mara nyingi hufanyika mambo matatu. Kwanza humwagiwa kata moja ya maji. Pili hutokea mtu akamkamulia limau, au akamtilia maziwa ya mama. Tatu huambiwa akae kivulini apumzike. Maumivu yakipungua kidogo, watu husema amepona. Kesho yake jicho linaweza kuwa jeupe kama jicho la samaki aliyepikwa. Jicho la namna hiyo huenda lisione tena.

Kwa nini kata moja ya maji haitoshi? Jibu lake ni hesabu. Hesabu yenyewe huitwa hesabu ya pH. Tamka "pi-echi". Wanafunzi wa sekondari huifundishwa kwa maneno magumu. Lakini wewe uliyejifunza kusoma na kuhesabu katika darasa la kisomo unaweza kuifanya. Unachohitaji ni kujua kuhesabu sifuri.

ASIDI NA BESI

Vitu vingi vya majimaji vimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni vitu vichachu, kama limau, ukwaju, siki na maziwa ya mgando. Vitu hivi vina asidi. Maji ya betri ya gari pia ni asidi, tena kali sana.

Kundi la pili ni vitu vinavyoteleza mkononi kama sabuni. Maji ya majivu, magadi, chokaa na kostiki soda vimo katika kundi hili. Hivi huitwa besi.

Katikati kuna maji safi. Maji safi si asidi wala si besi.

Usionje kitu usichokijua ili kukitambua. Ipo njia nyingine. Chukua manjano, ile ya kupikia mchuzi. Koroga kidogo na maji, upake kwenye karatasi nyeupe, uache ikauke. Karatasi itakuwa ya rangi ya manjano. Sasa weka tone la maji ya sabuni ya kufulia. Mahali pale patageuka kuwa pekundu kama udongo wa kichuguu. Weka tone la limau juu yake, rangi ya manjano itarudi. Kina mama wengi wameona jambo hili. Kanga yenye doa la mchuzi ikiguswa na sabuni, doa hugeuka jekundu. Kumbe doa hilo limekuonyesha kwamba sabuni ni besi.

Lakini manjano haikuambii besi ni kali kiasi gani. Sabuni ya kufulia huigeuza, na kostiki soda huigeuza vilevile. Ili kujua ukali tunahitaji nambari.

KINACHOPIMWA NI NINI?

Ndani ya maji, ya limau na ya soda mna chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo huitwa ioni za haidrojeni. Zikiwa nyingi, kitu ni asidi. Zikiwa chache, kitu ni besi. Basi kujua ukali ni kujua kuna ioni ngapi za haidrojeni katika lita moja.

Shida ni kwamba hesabu zake zina sifuri nyingi sana. Katika maji safi, gramu 1 ya ioni za haidrojeni imetawanyika katika lita 10,000,000. Hizo ni lita milioni kumi. Ukitaka kuziweka katika matanki ya lita 1,000, utahitaji matanki 10,000. Gramu 1 ni uzito mdogo, kama uzito wa punje chache za mahindi. Sasa punje chache hizo zigawe katika matanki 10,000. Ndivyo ioni hizo zilivyo chache katika maji.

Mwaka 1909 mtaalamu mmoja wa kemia wa Denmaki aitwaye Søren Sørensen alitoa njia rahisi. Alikuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Maabara hiyo ilikuwa ya kiwanda cha bia, na uchachu katika kazi ya bia ni jambo la kupimwa kila mara. Aliona kuandika nambari ndefu namna hiyo ni taabu. Akaacha kuandika nambari nzima, akaandika hesabu ya sifuri tu. Kipimo hicho ndicho pH. Herufi H ni ya haidrojeni.

Denmaki hiyo si ngeni kwetu. Ni mojawapo ya nchi za Ulaya ya kaskazini zilizosaidia kujenga Kituo cha Elimu cha Kibaha. Mradi huo ulianza mwaka 1963 na ukakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Hospitali ya Tumbi ilitokana na kituo hicho.

TUHESABU SIFURI

Kanuni ni hii. Jiulize: gramu 1 ya ioni za haidrojeni imetawanyika katika lita ngapi? Andika nambari hiyo ya lita. Hesabu sifuri zake. Jibu ndilo pH.

Tazama mifano hii:

Lita 1: hakuna sifuri. pH ni 0. Asidi ya betri ya gari ni karibu na hapa, au hata chini yake.

Lita 100: sifuri 2. pH ni 2. Hapa ndipo ilipo maji ya limau.

Lita 1,000: sifuri 3. pH ni 3. Siki iko karibu na hapa.

Lita 10,000: sifuri 4. pH ni 4. Maji ya nyanya yako karibu na hapa.

Lita 10,000,000: sifuri 7. pH ni 7. Haya ni maji safi.

Lita 100,000,000: sifuri 8. pH ni 8. Maji ya bahari yako karibu na hapa.

Lita 10,000,000,000: sifuri 10. pH ni 10. Sabuni ya kufulia iko karibu na hapa.

Lita 100,000,000,000,000: sifuri 14. pH ni 14. Hii ni kostiki soda gramu 40 ndani ya lita 1 ya maji.

Soma orodha hiyo tena polepole. Utaona mambo mawili. Chini ya 7 ni asidi, na nambari ikizidi kushuka asidi inazidi kuwa kali. Juu ya 7 ni besi, na nambari ikizidi kupanda besi inazidi kuwa kali. Vitu vya hatari zaidi viko kwenye ncha mbili za orodha.

NAMBARI ISIPOKUWA YA 1 NA SIFURI

Wakati mwingine nambari ya lita haianzi na 1. Hapo tunahesabu sifuri kwanza, kisha tunaongeza kidogo. Nyongeza hiyo iko katika jedwali hili:

Ikianza na 1.25, ongeza 0.1
Ikianza na 1.6, ongeza 0.2
Ikianza na 2, ongeza 0.3
Ikianza na 2.5, ongeza 0.4
Ikianza na 3.2, ongeza 0.5
Ikianza na 4, ongeza 0.6
Ikianza na 5, ongeza 0.7
Ikianza na 6.3, ongeza 0.8
Ikianza na 8, ongeza 0.9

Tufanye mfano wa damu ya binadamu. Katika damu ya mtu mwenye afya, gramu 1 ya ioni za haidrojeni imetawanyika katika lita 25,000,000. Nambari hiyo ni 2.5 mara 10,000,000. Katika 10,000,000 mna sifuri 7. Kwa 2.5 tunaongeza 0.4. Jibu ni 7.4, yaani saba nukta nne. Hiyo ndiyo pH ya damu. Mwili huishika isitoke katikati ya 7.35 na 7.45.

Sasa fikiria mtoto anayeharisha sana. Pamoja na maji, mwili wake unapoteza chumvi za besi zinazoizuia damu isiwe ya asidi. Damu yake ikifika lita 12,500,000 kwa gramu 1, pH ni 7.1. Ukitazama nambari utasema imeshuka 0.3 tu. Lakini tazama lita. Zilikuwa 25,000,000, sasa ni 12,500,000, yaani nusu. Maana yake asidi katika damu imekuwa mara mbili. Mtoto huyo huhema kwa nguvu na haraka, maana mwili unajaribu kuitoa asidi kwa pumzi. Mtoto wa namna hiyo ni mgonjwa mahututi. Endelea kumnywesha maji ya ORS njiani ikiwa anaweza kunywa, na mfikishe zahanati mara moja.

Nimetoa mfano huu ili uone tabia ya nambari za pH. Hatua yake ni ndogo kwa kuitazama, lakini ni kubwa kwa kuihesabu.

KILA HATUA MOJA NI MARA KUMI

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Ukiongeza sifuri moja katika nambari, nambari inakuwa kubwa mara 10. Kwa hiyo hatua moja ya pH ni mara 10. Hatua mbili ni mara 100. Hatua tatu ni mara 1,000.

Sasa turudi kwa mama aliyerukiwa na soda. Tuseme ni tone moja tu, na soda hiyo ina pH 14. Tunaongeza maji ili kuipunguza ukali. Kwa kila hatua moja tunayotaka kushuka, maji yote pamoja lazima yawe mara 10.

Tone 1 la soda likichanganywa na maji yakawa matone 10, pH inashuka hadi 13.

Yakiwa matone 100, yaani kijiko kimoja cha chai, pH inashuka hadi 12.

Yakiwa matone 1,000, yaani vijiko 10 vya chai, pH inashuka hadi 11.

Yakiwa matone 10,000, yaani nusu lita, pH inashuka hadi 10.

Yakiwa matone 100,000, yaani lita 5, pH inashuka hadi 9.

Yakiwa matone 1,000,000, yaani lita 50, pH inashuka hadi 8.

Ndugu msomaji, umeona? Tone moja tu! Kata ya nusu lita, hata ikichanganyika nalo lote, inalifikisha kwenye ukali wa sabuni ya kufulia. Na jicho halistahili kuogeshwa kwa sabuni ya kufulia. Tena nimesema soda ya gramu 40 kwa lita. Soda ya kutengenezea sabuni huwa kali kuliko hiyo mara kadhaa.

Huenda utauliza, "Je, nitapata wapi lita 50 kwa kila tone?" Huzihitaji zote, ikiwa utafanya kama unavyosuuza nguo.

Mama anayesuuza nguo hatumii beseni moja kubwa. Husuuza kwa maji kidogo, huyamwaga, kisha hutia maji mapya. Kila maji mapya huondoka na povu lililobaki. Jicho na ngozi ni vivyo hivyo. Ukitia uso ndani ya beseni, soda inabaki ndani ya beseni na wewe umo ndani yake. Ukimimina maji yakatiririka na kwenda zake, kila mmimino unaondoka na sehemu ya soda. Mmimino unaofuata unashusha hatua nyingine.

Basi kwa nini tusimimine mara tano au sita tu tukamaliza? Kwa sababu soda haibaki juu. Inazama ndani ya nyama ya jicho na ya ngozi, kisha hutoka polepole. Ukiacha kuosha mapema, ile iliyozama inaendelea kula.

KWA NINI SODA INAKULA MWILI

Unajua sabuni inavyotengenezwa. Soda hukutana na mafuta ya mawese au ya nazi, na mafuta yale yanageuka sabuni. Soda haichagui mafuta. Ikiingia mwilini, inakutana na mafuta yaliyomo ndani ya ngozi na ndani ya jicho, nayo huyageuza sabuni vilevile. Ndiyo sababu ngozi iliyopatwa na soda huteleza ukiigusa.

Asidi nayo huunguza vibaya. Lakini mara nyingi asidi hukausha nyama ya juu ikawa kama gamba, na gamba lile huzuia kidogo asidi isizame. Soda haifanyi gamba. Huyeyusha na kuendelea ndani. Tena wakati mwingine maumivu ya soda hayawi makali mwanzoni, na mgonjwa hudanganyika. Kwa hiyo usipime hatari kwa maumivu.

UFANYE NINI AJALI IKITOKEA

Kutoka Dutumi hadi hospitali kubwa ni safari. Dawa ya kwanza iko nyumbani kwako, nayo ni maji. Fuata mambo haya kwa mpangilio:

1. Anza kuosha hapo hapo. Usingoje bodaboda. Usingoje maji yachemshwe na kupoa. Tumia maji safi kuliko yote uliyo nayo karibu.

2. Kama ni soda ya unga au chokaa kavu, ipanguse kwanza kwa kitambaa kikavu itoke kwenye ngozi, kisha mimina maji. Vua nguo zilizoloa soda.

3. Kama ni jicho, mlaze mgonjwa au muinamishe kichwa upande wa jicho lililoumia, ili maji yasiingie katika jicho zima. Mtu mmoja afungue kope kwa vidole vyake, maana jicho litataka kujifunga. Mwingine amimine maji polepole bila kukoma, kutoka upande wa pua kwenda nje. Chembe za chokaa zilizonasa chini ya kope zitolewe kwa ncha ya kitambaa safi kilicholowa.

4. Endelea kwa dakika 30 kamili. Ndoo mbili za lita 20 ni lita 40. Kwa kata ya nusu lita, hizo ni kata 80. Kwa dakika 30 ni kata mbili au tatu kila dakika. Mtu mwenye saa au simu aangalie muda.

5. Usikamulie limau wala usitie siki. Limau ina pH 2. Toka 7 hadi 2 ni hatua 5, yaani asidi mara 100,000 kuliko maji safi. Ukiitia jichoni umeongeza jeraha jingine. Tena asidi na soda zikikutana hutoa joto, na joto hilo huunguza. Usitie pia maziwa ya mama, mafuta ya nazi wala dawa ya miti.

6. Baada ya dakika 30, mpeleke zahanati, hata kama anasema amepata nafuu. Eleza kitu kilichomrukia. Ukiweza, nenda na kopo au mfuko wenye jina lake, ukiwa umefungwa vizuri.

Mtoto akinywa soda, usimtapishe. Soda imeunguza koo mara moja wakati wa kushuka. Ukimtapisha itaunguza mara ya pili wakati wa kupanda. Usimpe limau wala siki ili "kukata" soda. Msukutue mdomo kwa maji, ateme, na mkimbize kwenye kituo cha tiba bila kuchelewa.

KARATASI YA KUPIMIA

Kwenye kituo cha tiba hesabu hii ya sifuri inatumika tena. Ipo karatasi ndogo inayobadilika rangi kama ile ya manjano, lakini yenyewe ina rangi nyingi, na kila rangi ina nambari yake. Hata kijiti cha kupimia mkojo huwa na kisehemu cha kupima pH. Mhudumu hugusisha karatasi kwenye machozi ndani ya kope ya chini, kisha hulinganisha rangi.

Machozi ya mtu mzima wa afya yana pH ya kati ya 7 na 7.5 hivi. Karatasi ikionyesha 9, jicho bado lina soda, na kuosha kunaendelea. Ikionyesha 7, mhudumu hungoja dakika chache, kisha hupima tena. Hufanya hivyo kwa sababu ya ile soda iliyozama. Huenda nambari ikapanda tena. Kwa hiyo ukiona unaoshwa tena baada ya kupimwa, usiseme unachezewa. Mhudumu anafuata nambari.

Baada ya hapo mgonjwa wa jicho anaweza kuandikiwa rufaa kwenda Mlandizi au Tumbi. Usikatae rufaa hiyo kwa sababu jicho limeacha kuuma.

KINGA NI BORA

Kikundi cha sabuni kinaweza kujilinda kwa mambo machache yasiyo ya gharama kubwa:

Kabla ya kufungua mfuko wa soda, jazeni ndoo mbili za maji na muweke kata juu yake. Maji hayo si ya kutengenezea sabuni. Ni ya ajali. Kama hakuna maji, ahirisheni kazi.

Tieni soda ndani ya maji, kidogo kidogo. Msimimine maji juu ya soda, maana yatachemka na kuruka usoni.

Msitumie sufuria za alumini. Soda hula alumini na kutoa hewa inayowaka moto. Tumieni ndoo ya plastiki ngumu, na mkorogee mti.

Vaeni miwani ya kukinga macho na glavu za mpira. Fanyeni kazi nje penye hewa, na watoto wawe mbali.

Msiweke soda iliyoyeyushwa katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda ya dukani. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi. Iwekeni mahali pa juu, pa kufungwa kwa ufunguo. Na asidi ya kutengenezea sabuni ya maji itunzeni vivyo hivyo, na iwe mbali na soda.

Mafundi wa betri za gari na za umeme wa jua, na wajenzi wanaotumia chokaa na saruji, nao pia waweke maji karibu. Saruji mbichi ni besi kali kama chokaa.

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walisoma vikundi kwa vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walichokisoma walikitenda siku ile ile. Nasi tufanye vivyo hivyo. Leo ukimaliza kusoma, nenda ukaangalie soda ya kikundi chenu iko wapi, na ndoo za maji ziko wapi.

MASWALI YA KUJIBU NA KUJADILI DARASANI

1. Katika maji fulani, gramu 1 ya ioni za haidrojeni imetawanyika katika lita 100,000. pH yake ni ngapi? Je, ni asidi au besi?

2. Katika maziwa mabichi ya ng'ombe, gramu 1 imetawanyika katika lita 4,000,000. Tafuta pH kwa kutumia jedwali la nyongeza.

3. Katika maji ya chokaa, gramu 1 imetawanyika katika lita 2,500,000,000,000. Tafuta pH yake.

4. Soda imeshuka kutoka pH 14 hadi 11. Ukali wake umepungua mara ngapi?

5. Mtu akiendelea kuongeza maji safi katika soda, je, mwishowe soda itageuka asidi?

6. Katika kitongoji chenu, nani hutumia kostiki soda, chokaa au asidi ya betri? Maji ya ajali yatawekwa wapi, na nani atahakikisha yapo?

MAJIBU

1. pH ni 5. Ni asidi, kwa sababu iko chini ya 7.
2. 4,000,000 ni 4 mara 1,000,000. Sifuri ni 6, nyongeza ni 0.6. pH ni 6.6.
3. Ni 2.5 mara 1,000,000,000,000. Sifuri ni 12, nyongeza ni 0.4. pH ni 12.4.
4. Hatua 3, yaani mara 1,000.
5. La. Itazidi kukaribia 7, ambayo ni pH ya maji yenyewe, lakini haitapita hapo.
6. Jibu la swali hili mnalo wenyewe. Liandikeni, mlibandike ukutani.